Jua Liko Nje, Mtoto Yuko Ndani

    Leo tutazungumza juu ya mchezo wa nje katika nyumba tunazowaachia watoto wetu mchana, zile tunazoziita deikea na nasari. Usiseme, "Ah, ni mchezo tu." Ninayo sababu ya kulileta jambo hili mbele yako, na sababu yenyewe ililetwa kliniki ikiwa imefungwa mgongoni kwa leso.

Alikuwa mtoto wa kiume wa miezi 20. Mama yake alimleta kwa ajili ya kikohozi. Nilipomwomba amteremshe ili nimwone akitembea, akaniambia kwa sauti ya chini, "Sista, huyu bado hajasimama." Nikaishika mikono ya mtoto. Vifundo vyake vilikuwa vinene, kana kwamba amevalishwa bangili chini ya ngozi. Kifuani, mbavu zilikuwa na vinundu vilivyopangana kama shanga. Miguu ilikuwa imepinda. Na hakuwa mtoto wa njaa, la. Kadi yake ya kliniki ilionyesha uzito uliokuwa chini ya mstari kidogo tu. Daktari alipomwona alithibitisha nilichokishuku: ni ugonjwa wa matege, ambao vitabuni huitwa riketsi. Mifupa ya mtoto inabaki laini kwa sababu amekosa vitamini D, au amekosa madini ya kalsiamu, au vyote viwili.

Tuliketi na mama yule tukahesabu siku yake. Anatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Anamwacha mtoto deikea, anakwenda kazini, anamchukua saa moja jioni. Deikea yenyewe ni chumba kimoja cha mabati chenye watoto 18, na mlango hufungwa wasitoke wakapotea. Jumapili mama anafua na kupumzika, na mtoto yuko kitandani au kwenye runinga ya jirani. Ukihesabu vizuri utaona kwamba mtoto yule alikuwa ameishi karibu mwaka mzima na nusu bila kupigwa na jua, isipokuwa siku za kliniki. Kisha mama akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo: "Lakini sista, jua si liko kila mahali? Mtoto wa Kenya atakosaje jua?"

Nimekuwa nikilitafutia swali hilo jibu tangu siku ile, na nimegundua kwamba lina historia ndefu kuliko nilivyodhani.

Mnamo mwaka 1822, daktari mmoja wa Poland aliyeitwa Jędrzej Śniadecki aliona jambo. Watoto waliokuwa wakiishi ndani ya mji wa Warsaw waliugua matege kwa wingi, ilhali watoto wa vijijini hawakuugua sana. Akashauri kwamba watoto watolewe nje wapate hewa na jua. Wengi hawakumsikiliza. Miaka ilipita, viwanda vikaongezeka Ulaya, moshi ukafunika miji, nyumba zikabanana, na matege yakawa ugonjwa wa kawaida kabisa wa watoto wa maskini.

Ndipo mwaka 1890 akaja daktari mwingine, Theobald Palm wa Uingereza. Huyu alikuwa amefanya kazi ya umisheni nchini Japani, na huko hakuwa ameona matege. Aliporudi kwao akayakuta kila mahali. Akawauliza wamishonari waliokuwa katika nchi mbalimbali, nao wakamjibu kwa barua. Majibu yalifanana: katika nchi za jua, hata pale watu walipokuwa maskini na chakula chao duni, matege yalikuwa nadra. Katika vichochoro vyenye moshi vya miji ya Uingereza yalijaa. Palm akasema wazi kwamba tofauti ni jua. Mwaka 1919, mjini Berlin, daktari Kurt Huldschinsky akathibitisha kwa kuwamulika watoto wenye matege kwa taa inayotoa ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Mifupa yao ikakomaa. Leo tunajua jinsi kazi hiyo inavyofanyika: miale ya jua inapogusa ngozi, ngozi yenyewe hutengeneza vitamini D, na vitamini hiyo ndiyo inayousaidia mwili kuchukua kalsiamu kutoka kwenye chakula na kuijengea mifupa. Miale hiyo haipenyi kioo cha dirisha. Haipenyi mabati wala blanketi.

Sasa mama, tafakari nami kidogo. Daktari Palm alizitaja nchi za jua kama mahali pa usalama. Nairobi iko kilomita zisizofika 150 kutoka mstari wa ikweta. Lakini wahudumu wa afya wanaofanya kazi katika mitaa ya mabanda ya jiji hili wamewaona watoto wenye matege, nami nimewaona. Jua halijahama. Aliyehamishwa ni mtoto.

Walimu wa watoto wachanga walilijua hili kwa vitendo hata kabla ya madaktari kulimaliza kwa hoja. Friedrich Fröbel wa Ujerumani alianzisha kituo chake mwaka 1837 katika mji mdogo wa Blankenburg, na mwaka 1840 akakipa jina ambalo maana yake ni bustani ya watoto. Wengi husema ni jina la kupendeza tu, lakini Fröbel alimaanisha bustani ya kweli, ambapo mtoto ana kipande chake cha udongo cha kupanda na kupalilia. Miaka ya baadaye, daktari mmoja mwanamke, Marie Zakrzewska, aliona kule Berlin marundo ya mchanga yamewekwa katika bustani za umma ili watoto wachezee. Akawaandikia wenzake wa Boston, Marekani. Mwaka 1885 wanawake wa mji huo wakamwaga rundo la mchanga katika uwanja wa kanisa dogo kwenye mtaa wa wahamiaji maskini. Mchanga tu, mama. Wengi huhesabu kwamba viwanja vya kuchezea vya Marekani vilianzia hapo.

Lakini wanaonigusa zaidi mimi kama muuguzi ni ndugu wawili, Rachel na Margaret McMillan. Mwaka 1910 walifungua kliniki ya watoto wa shule huko Deptford, mtaa wa maskini jijini London. Watoto walikuja na vidonda, macho mekundu, meno mabovu, vifua vibovu. Walitibiwa wakapona. Baada ya muda walirudi na maradhi yale yale. Kila muuguzi anayesoma hapa ameshaonja uchungu huo: unampa mtoto dawa halafu unamrudisha kwenye chumba kile kile kilichomgonjweza. Margaret na Rachel walichoka na mzunguko huo. Mwaka 1911 walianzisha kambi ya wasichana kulala nje kwenye hewa safi. Mwaka 1914 wakaenda mbele zaidi na kufungua nasari ya wazi kwa watoto walio chini ya miaka 5.

Hebu nikueleze ilivyokuwa. Hapakuwa na jengo kubwa. Palikuwa na vibanda vilivyo wazi upande mmoja, vinavyoitazama bustani. Watoto walikula, wakalala mchana, wakaoga na kucheza karibu kabisa na nje. Palikuwa na miti, mboga, maua na mchanga. Na palikuwa na kitu ambacho mlezi wa leo angekificha mgeni anapokuja: rundo la takataka la kuchezea, la mawe, makopo, vyuma chakavu na vyungu vya zamani. Margaret alitaka lipatikane kwa makusudi, kwa kuwa alijua mtoto akipewa vitu vya kubeba, kupanga na kubomoa, hatakaa kitako. Wengi wa watoto wale walipokelewa wakiwa na matege. Kwa chakula bora, usafi, jua na mwendo, miili ilibadilika.

Kumbuka pia mwaka wenyewe. Mwaka 1914 Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza, na punde akina mama wengi wa London wakaenda kufanya kazi katika viwanda vya silaha. Nasari ya Deptford ikawapokea watoto wao. Kwa hiyo si kweli kwamba mchezo wa nje ni wa mama aliye na nafasi, anayeshinda nyumbani. Nasari hiyo iliwahudumia watoto wa akina mama waliotoka alfajiri kwenda kiwandani. Rachel alifariki mwaka 1917, na dada yake akaiita nasari kwa jina lake. Margaret aliendelea na kazi mpaka alipofariki mwaka 1931.

Usidhani, mama, kwamba nakwambia tukajifunze kulea kwa Wazungu. Kwetu hapa mambo yalikuwa wazi bila kuandikwa. Miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani, Charles Super, aliishi na Wakipsigis katika kijiji cha Kokwet akiwachunguza watoto wachanga. Aliona kwamba watoto wa pale waliketi na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani kwa takriban mwezi mmoja. Wageni wengine walikuwa wameandika kwamba ni damu tu ya Mwafrika. Super akakataa. Aliwaona akina mama wakiwafundisha watoto kwa makusudi: wanachimba kishimo kidogo ardhini, wanakitandika, wanamkalisha mtoto humo ili mgongo ujizoeze kusimama. Wanamshika mikono wanamtembeza. Na lile ambalo hawakulifundisha kwa makusudi, kama kutambaa, halikuja mapema. Hiyo ilikuwa mipango ya mchezo wa nje, ingawa hapakuwa na mtu aliyeiandika ubaoni.

Je, ni lini tulianza kumwingiza mtoto ndani? Hapakuwa na siku moja. Katika miaka ya 1940 mashamba makubwa ya chai na kahawa yalihitaji mikono ya akina mama, nao watoto wakaachwa mahali pamoja na mlinzi mmoja. Kisha ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi Oktoba 1952. Kuanzia mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu zaidi ya watu milioni moja, Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakaishi katika vijiji vilivyozungushiwa uzio na handaki. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni. Akina mama walilazimishwa kwenda kuchimba mahandaki na kufanya kazi za sulubu. Watoto waliachwa chini ya uangalizi wa wanawake wazee. Nakwambia hivi kwa sababu wengi hufikiri deikea ni jambo la juzi, la mama wa mjini asiyejali. Si kweli. Hapa Kenya, kumwacha mtoto mchana kwa mlezi mmoja kulitokana na mama kulazimika, na mpaka leo mama wengi wanalazimika.

Baada ya uhuru mwaka 1963, kwa moyo wa Harambee, wanakijiji walijenga nasari kila pembe ya nchi. Akina mama walichanga, mwalimu akalipwa kwa kidogo walichonacho. Nyingi zilianza chini ya mti au katika ukumbi wa kanisa, na uwanja ulikuwepo kwa sababu ardhi ilikuwepo. Kuanzia mwaka 1971 hadi 1982, serikali ikishirikiana na wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi iliendesha mradi wa elimu ya watoto wadogo kupitia Taasisi ya Elimu ya Kenya. Walezi wakafundishwa kutumia nyimbo, hadithi na vifaa vya mahali wanapoishi. Mombasa nako, nasari ya kwanza ya Madrasa ilifunguliwa mwaka 1986 chini ya uongozi wa Bi. Swafiya Said, na akina mama wa Pwani wakaonyesha kwamba vifaa vya kuchezea vinaweza kutokana na vitu vinavyookotwa jirani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Samburu. Huko, tangu zamani, nyanya walikaa na wajukuu chini ya kivuli wakati mama amekwenda kutafuta maji na kuni. Kivuli hicho huitwa loipi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, ukame na umaskini vilipokuwa vimewatawanya watu, wanajamii walisaidiwa kuufufua utaratibu huo. Walizungushia eneo la mti uzio wa miiba ili mnyama asiingie na mtoto asitoke. Wazee wakachonga na kutengeneza vitu vya kuchezea. Nyanya wakarudi na hadithi na nyimbo. Na kwa kuwa watoto wamekusanyika pamoja, mhudumu wa afya akaja pale pale kuwapima uzito na kuwachanja. Uzio, kivuli, mtu mzima anayewajua watoto kwa majina, na kliniki inayowafuata walipo: miaka mingi ya masomo na semina haijaniletea mpango bora kuliko huo.

Lakini mijini tulikuwa tunakwenda upande mwingine. Ploti zilipandwa nyumba hadi ukutani. Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo, jambo jema sana, ila baadhi ya wazazi wakaacha kuwalipia wadogo nasari na kuwaweka nyumbani wakisubiri darasa la kwanza. Katiba ya mwaka 2010 ikazikabidhi serikali za kaunti jukumu la elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Kaunti zimejenga madarasa mengi ya chekechea. Walakini yule wa chini ya miaka 3, ambaye ndiye yuko katika umri wa kuota mifupa kwa kasi, amebaki kwa mama wa deikea ndani ya chumba cha kupanga. Na mama huyo wa deikea hatuna budi kumsikiliza kabla ya kumlaumu.

Nilikwenda kumwona mlezi wa yule mtoto wa miezi 20. Nilikuwa nimejiandaa kumkemea, nakiri. Nikamkuta mama wa makamo, msafi, anayewaimbia watoto huku akimlisha mmoja uji. Nikamwuliza mbona hawatoki nje. Akanijibu, "Sista, mwaka uliopita nilikuwa nawatoa. Mmoja akaanguka akachubuka goti. Mama yake akaja jioni akanitukana mbele ya watu wote wa ploti, na akamhamisha mtoto. Hiyo ni pesa yangu imekwenda. Mwingine akasema nimemrudishia mtoto na nguo chafu, kwani analipa ili mtoto achafuke? Nikafunga mlango." Akaongeza kwamba hapo nje kuna mtaro wa maji machafu, na kuna dereva wa pikipiki anayepita kwa kasi.

Kwa hiyo, mama msomaji, mlango ule haukufungwa na mlezi peke yake. Ulifungwa pia na sisi wenye watoto.

Tulikaa chini, mimi na yeye, na baadaye akina mama watano waliokubali kuja Jumamosi. Nitakueleza tulivyopanga ili uchukue linalokufaa.

Kwanza tulitafuta mahali. Ua wa ploti ulikuwa na kamba za nguo na mtaro, haukufaa. Hatua kama mia moja kutoka pale kuna kanisa lenye kiwanja chenye lango. Akina mama wawili walikwenda kuomba, wakakubaliwa asubuhi za siku za kazi kwa sharti kwamba wataacha pakiwa safi. Hatukulipa hata shilingi. Mahali pengine pangekuwa shule ya msingi au ua wa msikiti. Mara nyingi mahali papo, ila hakuna aliyeomba.

Pili, njia ya kufika. Watoto wanaotembea walifungiwa mafundo kwenye kamba ndefu, kila mmoja fundo lake, mlezi mbele na msaidizi nyuma. Wanahesabiwa kabla ya kutoka, wanahesabiwa wakifika, wanahesabiwa tena wakirudi. Msaidizi alikuwa tatizo kwa kuwa mlezi yuko peke yake. Akina mama wakaamua kwamba aliye na zamu ya usiku kazini, au asiye na kibarua siku hiyo, atakuja kwa saa moja. Mtu mzima mmoja asitoke nje na watoto 18 barabarani. Kama msaidizi hakupatikana, basi watoke kwa makundi madogo mlangoni tu, wengine wakiwa wamelala na mtu wa kuwaangalia yupo.

Tatu, kabla watoto hawajaachiliwa, mlezi anatembea kiwanja chote akiokota vioo, misumari, mifuko na kinyesi cha mbwa. Anaangalia kama kuna shimo, kisima au ndoo ya maji iliyoachwa wazi. Nakusihi hapo kwenye ndoo: mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina kifupi sana, kimya kimya, bila kupiga kelele. Maji yakitumika yamwagwe. Viatu vivaliwe ili kuzuia funza na minyoo, na mikono ioshwe kwa sabuni mkirudi. Dawa ya minyoo hutolewa kila miezi 6 kuanzia mtoto atimizapo mwaka 1. Iulizie kliniki pamoja na vitamini A. Udongo si adui, lakini una adabu zake.

Nne, saa. Jijini tulichagua saa tatu asubuhi. Ukiwa Mombasa au Garissa, saa hizo jua limekwisha kuwa kali, basi tangulia, na urudi tena jioni linapopoa. Ukiwa Limuru au Nyahururu mwezi Julai, ngoja ukungu uondoke. Kofia na kivuli viwepo, maji ya kunywa yawepo. Ngozi yetu nyeusi hutaka muda mrefu zaidi wa jua kuliko ngozi nyeupe ili kutengeneza vitamini D, kwa hiyo kutoka mara moja kwa wiki hakutoshi. Mikono na miguu ionekane, usimfunge mtoto masweta matatu wakati jua limetoka.

Kuhusu watakachocheza, hapa sikuwa na la kuwafundisha. Akina mama wenyewe walikumbuka: kalongolongo ya kupika kwa makopo, kuviringisha tairi, kuruka kamba, mpira wa makaratasi, brikicho kwa wale wakubwa kidogo. Tulichoongeza ni kuwagawa kwa umri, kwa sababu mtoto wa miaka 4 akikimbia humwangusha wa mwaka mmoja. Wachanga wasiotambaa walitandikiwa mkeka kivulini, wakalazwa kifudifudi wakiwa macho, mlezi ameketi papo hapo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mchanga wa chini ya mwaka 1 alazwe hivyo jumla ya angalau dakika 30 kwa siku, na mtoto wa mwaka 1 hadi 4 apate mwendo wa jumla ya dakika 180 kwa siku, ukigawanywa siku nzima. Mwongozo huo unasema pia mtoto asifungwe mahali pamoja, hata mgongoni, kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Hebu linganisha na mtoto aliyeketi kwenye godoro tangu alfajiri.

Jambo la mwisho walilokubaliana ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Kila mama alileta nguo moja kuukuu ya kuchezea. Na kila mmoja akaahidi mbele ya mlezi kwamba goti likichubuka, atauliza lilivyochubuka kabla ya kufoka. Mlezi naye akaahidi kusema ukweli jioni ile ile, asifiche hata uvimbe mdogo. Mama mmoja alicheka akasema afadhali goti lichubuke kuliko mguu upinde. Lakini mlezi hakucheka. Alikuwa anamtazama ili ajue kama anamaanisha.

Nirudi kwa yule mtoto. Alitibiwa kwa vitamini D na kalsiamu kwa vipimo vya daktari, kwa maana matege yakishaingia, jua peke yake halitoshi, wala usiende kununua matone dukani ukakisia. Chakula pia kilibadilishwa, kwa sababu uji mtupu una kalsiamu kidogo sana: akaongezewa maziwa, omena waliosagwa pamoja na mifupa yao, na mboga za majani. Akiwa na miezi 24 alitembea kliniki mwenyewe, akiyumbayumba, ameshika kidole cha mama yake. Kama mtoto wako ana miguu iliyopinda kidogo na hajafika miaka 2, usiingiwe na hofu, maana wengi huwa hivyo na hunyooka wenyewe. Lakini akichelewa kusimama, au vifundo vikivimba, au analia akiguswa miguu, au kupinda kunaongezeka, mlete aonekane. Na ukija, utaje mahali anaposhinda mchana na kama hutoka nje. Mara nyingi sisi wauguzi tunasahau kuuliza.

Mlezi yule bado ananipigia simu. Mwezi Aprili aliniuliza, "Sasa sista, na hii mvua?" Nikamwambia siku za mvua ya mfululizo afungue mlango, aweke ubao chini wa kuwazuia wadogo, wakubwa warukie kamba barazani. Mvua ikikatika, asingoje matope yakauke yote. Awavalishe zile nguo kuukuu, awahesabu, washike kamba, watoke.